Ringi Iliyobaki Shuleni

Enzi zetu gari halikuwashwa kwa kubonyeza kitufe. Gari lilisukumwa. Kama umekulia Qurus au popote huku Karatu, na una umri kama wangu, huna haja ya kuelezwa: mgongo umeinama, viganja kwenye bati la baridi, miguu pekupeku inateleza kwenye udongo mwekundu, na mbele yako mtu mzima ametoa kichwa dirishani anakufokea kana kwamba wewe ndiye uliyeliharibu. Kwetu aliyekuwa akifoka ni Baba. "Sukumeni, msiangalie moshi!" Maana sisi watoto, injini ikikohoa tu, tulikuwa tunaacha kusukuma ili tuutazame moshi ukitoka. Gari linazima, Baba anashika kichwa, tunaanza upya.

Gari lenyewe lilikuwa Datsan ya mbio, jekundu, milango miwili, kabureta mbili, na namba kumi na nne nyeusi imepakwa mlangoni ndani ya duara jeupe. Mimi namba kumi na nne niliijua kabla sijaijua tatu. Baba alikuwa Mchaga wa Machame aliyekuja huku kutafuta maisha, akawa fundi kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Mzungu mmoja wa hapo alikuwa na wazimu wa kushindana mbio za magari. Alipoamua kurudi kwao alimwachia Baba lile gari, likiwa na stata mbovu. Stata hiyo Baba aliitengeneza maisha yake yote na haikupona.

Hata siku ya harusi haikuwa na huruma. Mama ni Mwiraqw wa Mbulu, na Baba alikwenda kumchukua na Datsan yake kwa maringo yote, maua kwenye boneti, wajomba wamejipanga kuangalia mkwe wao wa Kichaga anavyoondoka. Gari likagoma pale pale uwanjani. Wakasukuma wapambe, wakasukuma wajomba, na mlimani njiani lilipozima tena wakati wapambe wako mbali nyuma, Mama alishuka na shela lake akasukuma. Bibi harusi! Alifika Qurus na matope hadi magotini. Mama alikuwa akituhadithia hilo tukiwa jikoni tunasubiri ugali na mnafu, na kila mara Baba alikuwa akijitetea kwamba siku hiyo kulikuwa na unyevu. Unyevu! Miaka yote hiyo hakupata kisingizio kingine.

Lakini likishawaka, jamani. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye madaha, ikipanda na kushuka, na Baba akitoka mjini tulikuwa tunamsikia tangu kwenye mteremko, wakati bado hata vumbi halijaonekana. Mama alikuwa anasimama, anabandika maji ya chai. Sisi tunakimbia barabarani. Morani wa Kimaasai waliokuwa wakishuka kutoka Endulen na ng'ombe wa mnada walikuwa wakisimama kujitazama kwenye kioo cha pembeni, wanatengeneza shanga zao taratibu, na Baba anawaacha wajitazame mpaka waridhike. Leo kijana wangu Deo, yuko chuo, anajitazama kwenye simu kutwa nzima na haridhiki.

Shule yetu ilikuwa ng'ambo ya korongo. Kengele yake wakati huo ilikuwa jembe bovu lililofungwa kamba, na kugongwa kwake hakukuvuka hata ua wa shule. Kwa hiyo watoto wa upande wetu tulichelewa, na tulichapwa, na kusema kweli tulikuwa tunachelewa hata siku ambazo tungeweza kuwahi, maana kisingizio tulikuwa nacho. "Hatukusikia kengele, mwalimu." Baba aliposikia habari hiyo alicheka kwanza. Wakati huo Datsan ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, pistoni imekufa, anasubiri nyingine kutoka Nairobi. Akafungua gurudumu moja, akavua tairi, akabeba ringi begani, akavuka korongo nayo. Akaifunga kwa mnyororo kwenye mti mbele ya ofisi ya walimu.

"Ni kwa muda tu," alimwambia mwalimu mkuu wa wakati huo. "Pistoni ikija, naichukua."

Kesho yake asubuhi tulikuwa bado tunakunywa uji. Ikalia. Mama yangu! Ilivuka korongo, ikapita juu ya mahindi, ikaingia mpaka jikoni. Baba alikuwa amesimama uani na mswaki mdomoni. "Mmesikia? Sasa nani tena atasema hakusikia?" Tuliacha uji, tukatimua mbio. Shuleni wenzetu walitununia wiki nzima kwa kosa la baba yetu.

Pistoni haikuja. Msimu wa mvua Baba aliugua kifua, akapelekwa hospitali, na hakurudi. Nilikuwa darasa la sita. Siku ile tuliyomzika, mwalimu mkuu aliagiza ringi igongwe taratibu, na mpaka leo sijui alilitoa wapi wazo hilo, lakini nilimshukuru na ninamshukuru.

Datsan ikabaki pale pale juu ya mawe chini ya mti wa mgrivea, na kama ilivyo ada ya gari bovu kwenye boma lolote, kila mtu akalipatia kazi. Kiti cha nyuma kikawa kochi letu la sebuleni. Boneti likafunika tangi la maji. Kioo cha pembeni kilikwenda kwa kinyozi. Ndani wakahamia kuku wa Mama, wakataga na kuangua kizazi baada ya kizazi, na ukijaribu kufungua mlango jogoo alikuwa anakutazama kwa dharau kama mwenye nyumba. Sisi tukakua, tukaolewa, tukahangaika na maisha. Mimi nikawa mpishi kwenye kambi ya watalii huko juu Ngorongoro, na kila nikija likizo nalikuta limezama kidogo zaidi kwenye majani.

Masika ya mwaka huu kambi ilipofungwa nilirudi nyumbani kumkuta Mama amevimba miguu. Daktari alisema moyo wake umechoka. Tulikaa naye uani, akalitazama gari kwa muda, kisha akasema, "Paulina, nataka kwenda Mbulu kuwaona ndugu zangu waliobaki."

"Tutakodi gari, Mama."

"Sitaki la kukodi. Hilo lilinileta. Nataka linirudishe hata mara moja. Lakini nilishasukuma siku ya harusi yangu, sisukumi tena. Nitalipanda likiwa kamili, kila kitu chake mahali pake."

Nilimwona anavyohema akisema maneno hayo, na nikajua sina masika mengi ya kusubiri. Kesho yake nilimleta fundi Safari kutoka mjini, mtu wa kutengeneza magari ya watalii. Alimwamkia Mama, akalizunguka gari, akacheka mpaka akakaa chini. Ushauri wake ulikuwa ule wanaompa kila mtu siku hizi: tung'oe injini, tuweke ya gari la Noa, siku chache tu tumemaliza.

"Na sauti?" nilimuuliza.

"Sauti ya nini, dada? Si unataka litembee?"

Nilimwambia akiweka injini ya Noa ataenda nayo Mbulu yeye na kuku. Akanielewa. Nina mdomo, sikatai. Basi tukaanza. Tuliwahamisha kuku, na waligoma, wakawa wanarudi kila jioni kudai kwao. Injini ikashushwa, ikasafishwa kwa mafuta ya taa kwenye beseni. Pistoni tulizipata Arusha kwa mzee mmoja aliyekuwa na mzoga wa gari kama hilo. Boneti likanyooshwa. Kinyozi alinirudishia kioo kwa shingo upande, akisema wateja wake wamekizoea. Kochi la sebuleni likawa kiti tena, na nilipolichomoa nilikuta chini yake gololi zangu mbili nilizomsingizia mdogo wangu kwamba ameziiba. Deo alipokuja likizo nilimwambia ashike spana. Akashika simu. "Mama, endelea, usiniangalie, hii itatrendi." Enzi zetu ungemwambia Baba asubiri umpige picha, ungeipata picha ya maisha yako.

Siku Datsan ilipowaka kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshika usukani, na Mama alikuwa jikoni. Ile sauti ilipotoka, nzito na yenye madaha yake yote, nililia bila aibu. Mama akatoka na sufuria mkononi. Alikuwa ameshabandika maji ya chai kabla hajafikiri.

Kikabaki kitu kimoja. Gurudumu la nne fundi alikuwa ameliwekea ringi ya aluminiamu, mpya, inayong'aa. Mama alilitazama akatikisa kichwa. "Hili limevaa kiatu cha mtu. Nilisema kamili."

Ijumaa nilivuka korongo. Ringi ya Baba ilikuwa bado kwenye mnyororo wake, ukingo umebonyea upande mmoja kwa kugongwa. Mwalimu mkuu wa sasa ni mama mcheshi, akasikiliza habari yote, akasema, "Mama Deo, mali ni yenu. Tuachie hiyo inayong'aa, watoto wataipenda." Tukabadilishana. Jumamosi fundi akaivalisha ringi ya Baba tairi, akaifunga, na gari likawa limesimama kwa miguu yake minne. Tukapanga kuondoka Jumatano.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama amekaa kitandani, hajavaa, hajawasha moto.

"Leo ni sikukuu gani?" aliniuliza. "Shule imefungwa?"

Tukasikiliza. Kutoka ng'ambo ya korongo kilikuja kisauti chembamba, ko ko ko, kama mtu anagonga kifuniko cha sufuria. Ilikuwa ile ya aluminiamu. Nikamweleza Mama kwamba ringi yetu nimeshaileta, iko kwenye gari, kila kitu mahali pake kama alivyotaka. Nilidhani atafurahi.

"Irudishe," alisema.

"Mama, lakini ulisema kamili! Wewe mwenyewe!"

"Nimesema irudishe, Paulina." Kisha akalainika, akanishika mkono. "Nimeishi na gari hilo likiwa kimya miaka yote, sikuwa na taabu nalo. Ni chuma. Lakini ile kengele, kila asubuhi ikilia, mimi huwa nasema, haya, baba yao ameamka, ngoja na mimi niamke. Leo hakuamka. Sikujua nifanye nini na miguu yangu."

Nilitoka nje nikalia kwanza nyuma ya tangi. Halafu nikampigia fundi Safari, akatukana kidogo, akaja. Kabla ya jua kuzama ringi ilikuwa imerudi kwenye mnyororo wake, na Datsan imevaa tena kiatu cha mtu. Jumanne asubuhi kengele ikalia mpaka jikoni, na nilipoamka nilikuta moto umeshawaka.

Jumatano tuliondoka kwa kuchelewa, maana Mama alikuwa na majirani wa kuwaaga na jogoo wa kumbebea kaka yake. Alikaa mbele amevaa kitenge kipya, Deo na jogoo nyuma. Gurudumu hakulitazama hata mara moja. Stata ilikubali palepale. Fundi alikuwa ameapa kwamba imepona. Tukashuka taratibu, tukavuka korongo, tukafika usawa wa shule.

"Simama," alisema Mama. "Ni karibu mapumziko."

"Mama, ndiyo kwanza tumeondoka."

"Simama, na uzime hilo dude nisikie."

Miezi mitatu nimehangaika kuliwasha, ananiambia nilizime! Nikazima. Kukawa kimya, ukungu wa kipupwe bado uko kwenye miti. Akatoka mwanafunzi mmoja na nondo, akaigonga ringi. Kwa karibu vile iliingia mpaka kifuani. Mama alifumba macho akaisikiliza mpaka mlio wote ukaisha. Akavuta kitenge vizuri. "Haya, twende."

Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

"Unyevu," alisema Mama, na akaanza kucheka mpaka machozi.

Watoto walishatoka madarasani na vikombe vya uji, wakatuzunguka. Nilijiambia hawa wa siku hizi watatoa macho tu. Wakaweka vikombe chini. Deo akatia simu mfukoni, akashuka, akajipanga nao nyuma, na nikahisi gari linaanza kwenda. Injini ikakohoa, na wote pamoja, Deo akiwemo, wakaacha kusukuma ili watazame moshi. Likazima.

Mama akashusha kioo, akatoa kichwa nje, yeye na moyo wake uliochoka.

"Sukumeni! Msiangalie moshi!"

Enzi zetu mimi nilikuwa huko nyuma, na wakati wa kusukuma sehemu ya Baba niliyokuwa naiona, akiacha kufoka, ni kisogo chake tu. Sasa kisogo kilikuwa changu, na waliosukuma hawakujua chuma wanachoamkia kila siku kimetoka kwenye gari hilihili. Nilitaka kuwaambia, lakini injini ikashika, Mama akapiga vigelegele, na mimi nikashikilia usukani tu, nikaelekea Mbulu barabara nisiyoiona vizuri kwa machozi.