Mstari Nilioupiga kwa Rula

Mhadhiri wa Sheria ya Amana aliingia, akaandika ubaoni: mwenye mali humkabidhi mtu mali hiyo aishike kwa faida ya wengine. Wenzangu wakanakili. Mimi kalamu nikaiweka chini. Jamani, mtu huyo nilikuwa namfahamu! Alikuwa baba mdogo.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Siku ya kuanua matanga, kwetu milimani juu ya Same, ukoo ulimkabidhi baba mdogo jembe la baba mbele ya watu wote, wakamwambia, "Shamba la tangawizi utalishika wewe, mpaka hawa watoto wapate akili." Hakuna aliyeandika. Nani angeandika? Jembe limetolewa, watu wameona, basi. Na baba mdogo hakutudhulumu hata siku moja. Zamu yetu ya maji ilipofika, alipanda mwenyewe kwenye ndiva, lile bwawa la juu, akayafungulia yateremke kwenye mtaro mpaka shambani. Mavuno alimletea mama mlangoni.

Kisha wakaja wapimaji wa ardhi. Nilikuwa nimemaliza muhula mmoja tu wa sheria, nimerudi likizo, kichwa kimevimba! Baba mdogo akaniita nimjazie fomu. "Njoo, mwanasheria wetu." Penye mmiliki nikaandika jina lake. Chini kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine.

"Hapa hatuandiki habari ya jembe?" akauliza.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabisa. "Baba, mambo ya jembe si ya kisheria." Nikachukua rula nikapiga mstari nafasi nzima, kama tulivyofundishwa, mtu asije akaongeza neno. Akatia dole gumba na kunishukuru.

Nikafika mwaka wa tatu, na kila ukurasa ukanizaba kibao. Kumbe mambo ya jembe ndiyo yenyewe! Nia ilikuwepo, mali ilikuwepo, wanufaika tulikuwepo, tumekaa mkekani tunakula makande ya msiba. Amana kamili, nami nikaifuta kwa rula ya shule.

Baba mdogo akafa mwaka huohuo wa tatu. Mwanawe mkubwa akaikuta hati ya shamba sandukuni, ina jina la baba yake peke yake, akapata mnunuzi. Mama akanipigia simu, hana hata wasiwasi. "Wewe soma, mwanangu. Tumeitwa baraza la kata. Utakuja kutusemea."

Ningemwambiaje? Mara tatu nilishika simu, mara tatu nikaishia kuulizia mvua. Kwenye mtihani swali la kwanza lilikuwa la mjane na shamba lisilo na maandishi: mshauri mjane huyu. Nilikaa nimekodoa macho mpaka wakakusanya karatasi. Nikapata sapu, nirudie mtihani, na wala sikulia kwa ajili ya sapu.

Siku ya baraza nilifika nimekonda. Wale wazee waliotoa jembe wote wameshazikwa, isipokuwa mmoja, naye kumbukumbu zimemtoka, alinisalimia mimi kwa jina la bibi yangu. Yule mwana wa baba mdogo akatoa hati na nakala ya fomu. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akaugeuza ukurasa, akaweka kidole juu ya ule mstari.

"Hapa pangeandikwa kama marehemu aliwashikia wengine," akasema. "Pamefungwa. Nani aliijaza fomu hii?"

Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Lakini mama alishasimama, akajitanda kanga yake vizuri, uso unamng'aa mbele ya watu.

"Shikamooni. Ni mwanangu huyu hapa, anasoma sheria chuo kikuu. Mimi kusoma sijui, lakini huyu hawezi kutukosea. Fuateni hivyohivyo alivyoandika."