Mkuku Uliopigwa Msasa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi mawingu mepesi. Upepo wa wastani kutoka kaskazini, ukalegea baada ya adhuhuri.

Siku hiyo Msasa alikwenda bwawani akijua kwamba asipomtangulia shemeji yake, hatashika usukani wa boti tena.

Jina la Msasa alilipata kazini. Ujana wake wote na sehemu ya utu uzima wake ameumaliza katika karakana ya samani, akilainisha meza na milango kabla ya kupigwa vanishi. Alama za vidole vyake zimelika, hata simu ya kufunguliwa kwa kidole humkatalia. Ubao haukagui kwa jicho. Hufumba macho, akapitisha kiganja, na akisema pana kinundu, hakuna anayebisha.

Katika chama chao cha mbio za boti za tanga, boti zote ni pacha. Zimetoka kwenye kalibu moja, zina tanga sawa na mlingoti sawa, na mkuku, ule ubapa mzito wa chuma unaokaa chini ya boti ili isipinduke, ni wa umbo moja kwa wote. Kila boti hubeba watu watatu. Ndio utamu wa mchezo wenyewe: ukishindwa, huna wa kumsingizia. Kuulainisha mkuku ni ruksa. Kuuchonga ni marufuku.

Msimu ule Msasa alishinda mfululizo, na shemeji yake akapata wa kumsingizia. Shemeji huyu, mume wa mdogo wake, ni mwalimu wa udereva, mtu wa sauti kubwa na utani mwingi. Siku ya kikao cha chama, kabla ya Jumamosi hiyo, alisimama bila kuitwa.

"Jamani, pacha gani hawa, mmoja anakimbia wengine wanatambaa? Mtu anashinda na msasa mkononi kutwa. Ule mkuku kautafuna!"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mpimaji wa chama akaleta kigezo chake, ubao uliokatwa kwa umbo la mkuku, akaupachika kwenye mkuku wa Msasa. Ukakaa kama kifuniko na sufuria yake.

"Hapo umepima pembeni," alisema shemeji. "Katikati je?"

Ulimi hauna mfupa. Mwenyekiti akajikuna shingo, akasema labda Msasa apumzike msimu uliobaki, kwa ajili ya amani.

"Amani ya nani?" aliuliza Msasa. Si msemaji, wengine hawakuwahi kumsikia kikaoni. "Sipumziki. Shemeji, Jumamosi chukua boti yangu, nipe yako. Ukinitangulia, usukani sishiki tena maisha yangu, nitakaa ukingoni nikupigie makofi. Nikikutangulia, utaufunga huo mdomo mbele ya hawa hawa uliowajaza maneno."

"Nimekubali!" shemeji alijibu, hata pumzi hajavuta.

Jioni mdogo wake Msasa alimfuata jikoni. Yeye ndiye mshika kamba za tanga kwenye boti ya mumewe.

"Dada, omba radhi yaishe."

"Radhi ya kosa gani?"

"Boti yetu unaijua. Chini imeota ndevu za ukoga. Hajaisugua tangu msimu uanze, na masharti ni kuichukua ilivyo."

"Najua."

"Sasa unataka nini, dada?"

"Nataka kuiendesha."

Binti wa Msasa, msusi, aliyekuwa akimenya viazi, aliangua kicheko. "Mama mdogo, huyu akishaweka mguu chini hata treni itamzunguka. Nenda kamwambie ba'mdogo alale mapema."

Jumamosi, basi, katika mbio za boti zote za chama, wakabadilishana. Msasa alipanda na binti yake pamoja na jirani yao mwoka mikate. Boti ya shemeji ilikuwa nzito majini, kama kabati lenye nguo ndani. Upepo ulipokuwa na nguvu shemeji aliondoka na ile laini ya Msasa kama mshale, na kwenye boya la kwanza akageuka kupunga mkono.

"Mnaona? Ni boti hiyo! Ni boti!"

"Mama, anatuacha," alisema binti.

"Mwache. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Lakini aliwaza Jumamosi zijazo, yeye kwenye benchi, mikono mapajani. Akakitazama kiganja chake, kisha akalegeza vidole viwili juu ya mpini wa usukani kama anavyovipitisha juu ya ubao.

Gari la kufundishia lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Miaka yote shemeji ameishi mguu ukiwa juu ya breki, akimhofia mtu mwingine. Kwenye boti hakuna pa kukanyaga, kwa hiyo hofu ilimpanda mikononi: kila kiwimbi alichokiona, aliukata usukani kulia, akaukata kushoto. Usukani ukikatwa ni breki ya majini. Upepo wa mwanzo ulimfichia aibu. Ulipolegea, povu nyuma yake likaonekana limepinda kama njia ya nyoka, na boti laini ikaanza kusinzia.

Povu la Msasa lilinyooka.

Wakamkaribia kidogo kidogo. Walisikia sauti ya mdogo wake: "Mume wangu, iache itembee!"

"Inanivuta!"

"Wewe ndiye unayeivuta!"

Walipokuwa ubavu kwa ubavu Msasa alisema, bila kuinua sauti, "Shemeji, mwanafunzi ameshuka. Toa mguu kwenye breki."

Hakuwa wa kwanza. Zile ndevu za chini hazikumruhusu. Alimaliza wa tatu. Shemeji alikuwa wa tano.

Gatini shemeji alishuka akifuta miwani. "Upepo ulilegea."

"Ulilegea kwa wote," alisema Msasa. Hakuondoka. Watu walisimama na kamba mikononi.

"Haya. Mkuku mzima."

"Waliokusikia siku ile walikuwa wengi, shemeji. Sauti."

"Mkuku ni mzima! Ninyi, mkuku wake ni mzima!"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka, na shemeji, baada ya kununa kidogo, akacheka naye. Mwenyekiti, asiyejua kutupa jongoo na mti wake, alinong'ona kwamba hata hivyo ingekuwa busara Msasa asisugue sana, watu wasije wakasema tena.

Kesho yake asubuhi Msasa aliazima kigezo cha mpimaji. Aliipandisha boti yake kwenye kiunzi, si nyuma ya banda la chama alikozoea, bali mbele kabisa, pale langoni watu wanapopita. Akakitundika kigezo kwenye msumari kando ya mkuku ili anayetaka kupima apime, pembeni na katikati. Kisha akalowesha msasa, akafumba macho, akaanza kusugua.