Kidonge cha Mkono wa Kushoto

Mwaka niliotimiza miaka sita, baba yangu alinifunga mkono wa kushoto. Hakufanya kwa ukali wala kelele. Kila tulipokaa kula alichukua kipande cha kanga chakavu, akaufunga mkono wangu nyuma ya kiuno, akasema bismillahi, akaanza kula. Mimi nilizaliwa natumia kushoto, na kwetu Masanze mkono huo ni wa chooni. Wali ulinimwagikia kifuani, shangazi yangu akacheka hadi akakohoa. "Samaki mkunje angali mbichi," baba alimwambia. Nilikunjwa, nikakunjika. Ila sikusahau, na sitaki kujifanya nilisahau.

Leo nafundisha kemia sekondari huku Mikumi, na mwandiko wangu ubaoni unapanda kama njia ya mlimani. Wanafunzi wananicheka, nami nawaacha. Somo nilipendalo kuliko yote ni lile la maumbo mawili ya kitu kimoja, moja likiwa sura ya lingine kwenye kioo. Navua kandambili zangu, naziweka mezani. Mpira ni uleule, saizi ileile, zimetoka kiwanda kimoja. Haya, vaa ya kushoto mguu wa kulia uone. Nawaambia dawa nyingi ziko hivyo, na ubongo ndio mguu: unaijua kandambili yake.

Miaka mitatu iliyopita baba alianza kufunga. Kwanza Jumatatu na Alhamisi, kisha karibu kila siku yenye shughuli ya watu. Iwe hitima, iwe harusi, sinia la pilau likiletwa yeye anainuka: "Nimefunga, nyie kuleni." Kijiji kizima kikamsifu kwa uchamungu. Hata mimi binti yake nilimsifu, mjinga mimi, nikawasimulia walimu wenzangu kwamba mzee wangu anajiandalia akhera.

Siku moja nilikwenda bila kutoa taarifa. Ilikuwa mchana, nikamkuta jikoni peke yake, ameupa mlango mgongo, anakula ugali. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya paja kama kuku aliyechinjwa. Alikuwa anakula kwa wa kushoto.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," aliitikia bila kunitazama, huku anauficha ule mkono wa kushoto ndani ya msuli. Kumbe mzee hakuwa akifunga. Alikuwa akishinda njaa kwa aibu.

Hospitalini Kilosa daktari alimtazama akitembea, akamkunja mkono na kuukunjua, akatueleza kwamba ubongo wa baba umepungukiwa na kitu kinachoongoza mwendo wa viungo. Akamwandikia dawa. Niliposoma jina kwenye boksi nililitambua, maana nilikuwa nimeichora ubaoni mara nyingi. Ni dawa yenye yale maumbo mawili ya kioo. La kushoto linaingia ubongoni na kugeuzwa kuwa kile kilichopungua. La kulia haliwezi kazi hiyo. Zamani wagonjwa walipopewa yote mawili yakiwa yamechanganywa, hilo la kulia liliwaongezea madhara tu. Ndiyo maana siku hizi kidonge kinabeba la kushoto peke yake. Njia nzima ya kurudi Masanze nilikuwa nacheka kimoyomoyo.

Dawa ilifanya kazi. Baada ya wiki chache alifunga vifungo vya kanzu mwenyewe. Kwenye arobaini ya jirani nilimwona kwa mbali amekaa kwenye sinia na wazee wenzake, anatia tonge kinywani, hadondoshi. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini tuliporudi nyumbani ulimi ukaniwasha.

"Baba," nilisema mbele ya shangazi, "unajua kilichokurudishia mkono? Ni umbo la kushoto. La kulia ubongo wako hauna haja nalo. Na wewe ulinifunga kanga ili nitumie kulia."

Safari hii shangazi hakucheka. Baba aliinuka, akaenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa. Mimi nikarudi Mikumi, na kwa siku mbili tatu nilijisikia mwepesi kama mtu aliyelipiza.

Mwezi haukuisha, shangazi akapiga simu. "Mwanangu, baba yako kafunga tena."

Nilimkuta kitandani, mwili umekakamaa, mkono unatetemeka juu ya shuka. Vidonge vilikuwa kwenye kopo karibu na mto, vimejaa.

"Baba, kwa nini umeacha dawa? Daktari alikukataza kuiacha ghafla."

"Dawa nzuri," alisema. Maneno nayo yalikuwa yanamtoka kwa shida. "Ila kila nikiishika nakusikia unanicheka." Akapumzika kidogo. "Sikukufunga mkono kwa kukuchukia. Nilitaka ule na watu."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli na bado alikuwa amenikosea. Nilingoja aniombe radhi, hakuniomba. Mimi nami sikumwomba. Yeye ndiye aliyekuwa na njaa mle ndani, na njaa ile safari hii nilikuwa nimempa mimi.

Nikajaza kikombe maji, nikakishika kwa mkono wa kulia. Kidonge nikakitoa kwa wa kushoto, nikampelekea mdomoni. Alikaza midomo. Akautazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi, mwanamke mzima mwenye mvi na vyeti.

"Badili mkono," alisema.

Nikahamishia kikombe kushoto na kidonge kulia, maji yakamwagikia shuka. Akafungua mdomo.