Kilo Zinazomwagika Langoni

Tangu serikali mbili zigombane na mpaka wao kufungwa, mfugaji waliyemwita Mama Fahali alibaki na mnunuzi mmoja tu, kiwanda cha nyama, kinacholipa kwa kilo. Asubuhi moja aliwanywesha fahali wake mpaka matumbo yakajaa, akawahi langoni kabla ya wote. Mpimaji akawaacha juani, akaanza na ng'ombe wa shamba la kiwanda.

"Vumilia, mama."

"Nivumilie nini? Kilo zangu zinakojolewa hapa hapa!"

Mpimaji akacheka. "Basi warudishe nyumbani."

Zamani angewageuza palepale, akawavusha mpaka. Aliitazama barabara, akamtukana mpimaji kimoyomoyo. Alipoitwa jioni, aliwaswaga mwenyewe hadi kwenye mizani, matumbo yao yamebonyea.