Siku Mama Dirisha Alipofunga Dirisha

Katika chumba cha rekodi cha hospitali ile hakuna aliyemwita mtunza rekodi kwa jina lake. Walimwita Mama Dirisha. Kwenye kompyuta yake palikuwa na dirisha moja jeusi lenye maandishi meupe, dirisha la kusemea na seva, kompyuta kuu ya hospitali, na alikuwa hajalifunga kwa siku mia mbili na kumi na moja. Jioni alizima kioo tu, akakifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, akaenda zake.

Alikuwa na sababu. Miaka ishirini alitunza mafaili ya karatasi. Kompyuta alifundishwa mvi zimekwisha kumtoka. Siku zile za mwanzo alitoka kwenye seva, na neno la siri nalo likamtoka kichwani. Wenzake walimcheka wiki nzima. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: seva ilipohamishiwa jengo jipya, kila mtu akatakiwa kuchagua neno jipya la siri, Mama Dirisha aliingia mara moja tu na hakutoka tena.

Asubuhi hiyo, saa tatu na dakika kumi, aliingia Darubini, mpimaji damu, bila kubisha hodi.

"Mama, rekodi hazifunguki."

"Za nani?"

"Za wote. Lakini ninayemtaka ni mmoja. Amejifungua sasa hivi, yuko chumba cha upasuaji, damu haikatiki." Alivua miwani akaifuta kwa koti, ikazidi kuchafuka. "Mwaka juzi tulimwongezea damu hapahapa, ya kundi lake kabisa, ikamkataa nusura afe. Tuliandika ni damu ipi isimguse. Nisipoiona rekodi ile itabidi nipime chupa moja moja. Itachukua saa nzima, na saa nzima hana."

Kwenye kioo programu ya rekodi ilikuwa imeacha sentensi moja: faili zilizofunguliwa ni nyingi mno.

Mama Dirisha aliijua maana yake. Seva humpimia kila mtumiaji kama mama mwenye nyumba anavyopima unga: wewe kiasi hiki, na wewe kiasi hiki, asije mmoja akamaliza gunia. Akaunti ya rekodi ilipewa ruhusa ya kufungua faili elfu moja na ishirini na nne kwa wakati mmoja. Wiki hiyo wodi mbili mpya zilikuwa zimeunganishwa. Alihesabu zilizo wazi. Elfu moja na ishirini na nne, bila pungufu.

Mwenye uwezo wa kupandisha kikomo alikuwa mhandisi wa kompyuta peke yake. Simu ilipokelewa katikati ya makelele.

"Niko ndani ya ndege, mama. Subiri." Vidole vikasikika vikigonga. "Haya, nimekupa elfu nane. Anzisha programu upya. Wananiambia nizime si—"

Simu ikakatika.

Aliianzisha programu palepale, ndani ya dirisha lake. Ikaamka. Darubini akavaa miwani. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo, kumi, mia, kisha yakasimama, na sentensi ileile ikarudi.

"Si amesema elfu nane?" Darubini aliuliza.

"Amesema."

"Basi amekudanganya."

"Hajanidanganya. Nyamaza kidogo, mwanangu, nisikie kichwa changu."

Aliliuliza dirisha lenyewe: wewe umeruhusiwa ngapi? Likajibu: elfu moja na ishirini na nne. Kipimo hutolewa mlangoni, mtu anapoingia, na kila anachokianzisha humo ndani hurithi kipimo hichohicho. Programu ilikuwa mtoto wa dirisha, nalo dirisha lilipita mlangoni siku mia mbili na kumi na moja zilizopita, likiwa na kibaba cha zamani. Hata angeianzisha mara mia, mtoto asingerithi asichokuwa nacho mzazi.

"Fungua dirisha lingine basi," alisema Darubini.

"Akaunti hii inaruhusiwa kuingia mmoja tu kwa wakati. Mhandisi hataki mikono miwili ikoroge chungu kimoja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitoke."

Darubini alimtazama. Hospitali nzima ilimjua. "Neno la siri unalikumbuka?"

Aliandika amri ya kutoka, akabonyeza. Dirisha likatoweka, na kioo kikabaki kitupu kama ukuta uliobanduliwa picha.

Neno lenyewe alilijua lilikotoka. Wiki aliyolichagua alikuwa amemhamisha mama yake kutoka nyumba yake ya zamani kuja kukaa naye. Kabla ya kuondoka bibi yule alisimama mlangoni mwa nyumba ile, akahesabu vitu vyake, akataja idadi ya vyungu, kisha akasema: kiti kimoja, na mimi. Maneno yalimchoma, akayafanya ufunguo. Vyungu aliviona kila siku jikoni. Aliandika: vyungu6kiti1namimi.

Si sahihi.

Labda nimekosea herufi, alijiambia. Akaandika tena, herufi moja moja. Si sahihi. Chini yake pakatokea onyo: limebaki jaribio moja, kisha akaunti itafungwa.

Muuguzi alichungulia mlangoni. "Daktari anauliza."

"Mwambie bado," alisema Darubini.

Mama Dirisha alichukua simu akapiga nyumbani.

"Mama, ulipohama, vyungu vilikuwa vingapi?"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo, mama. Vyungu!"

"Marahaba. Vilivyopo ni sita."

"Una hakika?"

"Nimesema vilivyopo. Nilipohesabu mlangoni vilikuwa saba. Kimoja yule dereva wako alikipasua njiani, tena hata pole hakusema…"

Aliiweka simu mezani, mama angali anamsema dereva. Akaandika saba. Akafumba macho, akabonyeza.

Dirisha likafunguka. Aliuliza kipimo: elfu nane. Akaianzisha programu; majina yakapanda, yakapita mia, yakapita elfu, na yakaendelea. Darubini aliinama juu ya bega lake, akasoma mistari miwili ya rekodi kwa sauti, akaisoma tena, akatoka mbio, miwani mkononi.

Saa tano kasorobo muuguzi alirudi na kuegemea mlango. "Damu imekubali. Mama mzima, anamuulizia mtoto."

Mama Dirisha aliitikia kwa kichwa. Akabadilisha neno la siri, maana Darubini alikuwa amesikia kila kitu. Kisha akatoka kwenye seva, akaingia. Akatoka, akaingia, kama mtu anayejaribu komeo jipya.

Alikuwa anatoka mara ya tatu simu ilipoita.

"Mwanangu," mama yake alisema, "sema kweli. Nani anavitaka vyungu vyangu?"