Alilala Upande Gani wa Mto

Kila Februari mama wa fomu huweka meza yake maktabani Davenport, mji wa jimbo la Iowa ukingoni mwa mto, karibu na mashine ya kahawa, na kusaidia watu bure kujaza fomu za kodi. Karatasi zimemkausha vidole. Huvilamba kabla ya kufunua ukurasa. Mtu akianza kusimulia maisha yake, yeye huchora mto kwa penseli na, kwa kuwa kodi hulipwa jimbo unakolala, kuuliza swali lile lile: "Ulilala upande gani?" Mengine hayamhusu.

Jumanne nilikuwa nasubiri zamu yangu mezani pake alipoketi mjane mmoja, Bi Verhaeghe. Mumewe alihamia kwake Iowa miaka miwili iliyopita, lakini kampuni iliyomwajiri iliendelea kumkata kodi ya Illinois, jimbo la ng'ambo ya mto. Mjane alitaka pesa hizo zirudishwe, anunue jiwe la kaburi.

"Alilala upande gani?"

"Huku, kwangu. Kukoroma kwake tu ndiko kulikovuka mto."

Mama wa fomu alikuwa ameshika karatasi ya kampuni, ile ambayo mfanyakazi huandika anakoishi ili akatwe kodi ya huko. Niliiona. Agosti iliyopita marehemu aliijaza upya kwa mkono wake, na penye makazi akaandika nyumba yake ya zamani, Illinois.

"Sasa kwa nini walimkata ya kule?" mjane akauliza.

Mama wa fomu aliweka penseli chini. Akaigeuza karatasi kifudifudi, akaisukuma chini ya nyingine.

"Kampuni ilikosea, mama. Hukosea sana."

Kisha akalamba kidole, ingawa hapakuwa na ukurasa wa kufunua.