Nyanya ya Bibi na Nyanya ya Mama

Ukipita katikati ya miche ya nyanya asubuhi, umande haujakauka, nguo yote inashika harufu ya jani lake, kali, ambayo hata sabuni haiiwezi. Kiangazi nilipokuwa na miaka kumi, hapa Ruaruke, nilinuka hivyo kila siku. Nyuma ya nyumba tulikuwa na matuta mawili ya nyanya za njano. La bibi, mzaa baba, lilizaa nyanya ndogo za mviringo, mbegu aliyokuja nayo kutoka kwao Umatumbini. La mama lilizaa nyanya bapa zenye mikunjo, mbegu aliyopewa Ngorongo na marehemu mama yake. Mbegu za akiba zililiwa na panya, halafu kisima kikapungua, maji yakawa ya tuta moja tu. Mbegu kwetu hutolewa kwenye nyanya za mwisho wa msimu; litakalokauka, yake ndiyo basi tena.

Bibi akasema mtoto aonje, aamue. Nikafumba macho, nikaonja moja, nikasukutua, nikaonja ya pili.

"Sema kweli, mke mwenzangu, usimwogope mama yako," bibi akanitania.

"Mama, usimhonge mtoto," mama akajibu huku akicheka, lakini mkono umekaza pindo la kanga.

Ya bibi ilikuwa tamu mpaka kwenye mbegu. Ya mama ilikuwa chachu, ngozi ngumu. Nikasema ya bibi. Jioni mama alimwagilia tuta la bibi, lake akalipita kama halioni.

Huenda sikumbuki sawasawa, ila nadhani ni kesho yake ndipo nilipoona kosa langu. Mama alizichuma zake zikiwa bado na ubavu wa kijani, kwa kuwaogopa tumbili, zikaivia ndani kapuni. Za bibi, zilizokuwa karibu na mlango wake, ziliachwa ziivie shinani. Kumbe sikuwa nimezilinganisha hata kidogo. Nikamwendea bibi, nikamwambia sikuhukumu kwa haki.

"Hee! Kadhi kapindua hukumu yake mwenyewe! Na maji utayatoa wapi?"

Nikamjibu nitachota kisima cha msikitini, mbali kule. Siku tisa nilibeba ndoo asubuhi na alasiri, shingo inauma, na katikati nikawafukuza tumbili kwa kupiga debe. Sikuwa na uhakika. Pengine zingebaki chachu vilevile, nikawa nimejichosha bure na kumtia mama tamaa.

Hazikubaki. Nilipoionja imeivia shinani, uchachu ulikuja kwanza, kidogo, halafu utamu ukafuata taratibu, ukakaa. Bibi naye nisimwonee: kwa kuliwa bila kupikwa, na chumvi, yake ilishinda. Katika mchuzi wa kamba wa nazi ilishinda ya mama, na bibi mwenyewe alikomba sufuria. Mbegu zote mbili zikakaushwa kwenye jivu, na ndoo niliendelea kuibeba mpaka mvua.

Leo nazipanda zote mbili. Soko la Kibiti limejaa nyekundu, ngumu, zinazostahimili safari ya Dar, nami husema mbele za watu kwamba hazina ladha. Juzi binti yangu akaniuliza, "Mama, umewahi kuila iliyoivia shambani?" Sijawahi. Basi nimeotesha miche sita ya hizo nyekundu, naipa maji sawa na mingine, na sitatamka neno mpaka ziivie shinani.